Jiko na Dohani

Mtu aliyezaliwa Afrika ya Mashariki huona ajabu anapoambiwa kuwa jiko lina sheria. Kwetu jiko lina mafiga, lina kuni, lina mpishi, na lina wenye njaa wanaolizunguka; mwenye nyumba huliweka apendapo na kuliondoa apendapo. Nilikuwa na fikira hiyo hiyo nilipohamia kaskazini ya Uingereza, nikanunua nyumba kuukuu ya mawe yenye dohani mbili, nikataka kutia sebuleni jiko la chuma la kuchoma kuni na makaa ya mawe. Nilidhani kazi yenyewe ni ya siku moja: jiko hununuliwa, bomba huunganishwa, kiberiti huwashwa. Sikujua kuwa kati ya ununuzi na kiberiti umesimama ukuta wa vipimo.

Kwanza niliambiwa kuwa kazi ya namna hiyo haianzwi kwa siri. Ama halmashauri ya mji ipewe habari mapema na kumleta mkaguzi wake, ama kazi ifanywe na fundi aliyeandikishwa katika chama kinachotambuliwa na serikali, ambaye huthibitisha kazi yake mwenyewe kwa hati. Nilichagua fundi. Alikuja mzee mmoja mpole, masizi yamemwingia katika mistari ya viganja hata hayatoki kwa sabuni. Hakutazama jiko langu zuri hata kidogo. Alipiga magoti mbele ya meko ya kale, akaingiza kichwa ndani ya dohani, akamulika taa juu, akakaa humo kitambo kama mtu asikilizaye maneno kisimani.

Alipotoka alianza kupima. Jiko lazima lisimame juu ya sakafu ya jiwe au zege isiyoshika moto, nayo itokeze mbele ya jiko kwa milimita 300 ikiwa jiko laweza kuwashwa mlango wake ukiwa wazi, au milimita 225 ikiwa haliwashwi ila mlango umefungwa. Na ubavuni milimita 150. Boriti na mbao zisikaribie uso wa ndani wa njia ya moshi kwa chini ya milimita 200. Kinywa cha dohani kilicho karibu na mgongo wa paa kiupite mgongo huo kwa milimita 600, ili upepo usiurudishe moshi chini. Kisha abandike kibao kidogo karibu na mita ya umeme, kueleza ni njia gani ya moshi iliyomo na ilitiwa lini, ili atakayeinunua nyumba baada yangu asikisie.

Nilimwambia kwa mzaha, “Mzee, nchi yenu yapima moto kama duka lipimavyo kitambaa.” Hakucheka. Alijibu, “Bwana, kila kipimo hapa kina maiti yake.”

Neno lile sikulipenda siku ile, lakini historia inalitia nguvu. Tarehe 2 Septemba mwaka wa 1666 moto ulianza katika nyumba ya mwoka mikate mjini London, ukateketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Na mwaka uliofuata ikatolewa sheria kwamba mji ujengwe upya kwa matofali na mawe. Desemba ya mwaka wa 1952 moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu, ukaufunika mji huo huo kwa siku tano. Waliokufa walihesabiwa kwanza kuwa 4,000, na wachunguzi wa baadaye waliikadiria idadi hiyo kufika 12,000. Mwaka wa 1956 ikapitishwa Sheria ya Hewa Safi, iliyozipa halmashauri uwezo wa kukataza moshi katika mitaa yao. Tangu Mei ya mwaka wa 2023 makaa ya mawe ya kawaida ya nyumbani hayauzwi tena Uingereza. Huuzwa yale yasiyotoa moshi mwingi, na kuni zinazouzwa kwa mafungu madogo sharti ziwe kavu, unyevu wake usizidi sehemu 20 katika 100. Kuni mbichi hutoa lami inayogandama ndani ya dohani, nayo lami hiyo hushika moto siku isiyotazamiwa.

Fundi alifanya jaribio moja ambalo sitalisahau. Alilitoa kwanza tundu la ndege lililoziba koo la dohani, vijiti vya kujaza magunia mawili. Kisha alifunga madirisha, akawasha chini ya dohani kidonge cha moshi, akaniambia nipande juu. Nilipoingia chumba cha binti yangu mdogo niliona uzi mwembamba wa moshi mweupe ukipenya katika ufa wa ukuta, juu ya kitanda chake. Chokaa ya miaka mingi ilikuwa imekula baina ya mawe. Ilibidi njia yote ivikwe bomba la chuma kisichoshika kutu, toka juu hata chini. Gharama ilipita bei ya jiko lenyewe, na mimi, ingawa niliuona moshi kwa macho yangu, nilinung'unika.

Mwisho alitoboa ukuta. Jiko langu lilikuwa la kilowati saba, na kwa nyumba za kale kila kilowati iliyozidi tano hudai tundu la hewa la milimita mraba 550 lisilofungika kamwe. Hesabu yake ilitaka tundu lisilotimia hata uso wa kisanduku cha kiberiti. Aliniambia, “Usilizibe. Moto unakula hewa kabla yako.” Akatundika darini kengele ya kutambua sumu ya kaboni monoksaidi, kati ya mita moja na mita tatu toka jiko, akanipa hati yangu, akaenda zake.

Januari ilipofika, tundu lile likawa adui yangu. Baridi ilipita humo kama kisu, ikanipata miguuni nilipoketi kusoma. Usiku mmoja nilijaza jiko makaa, nikapunguza mlango wake wa hewa ili moto udumu hata asubuhi, nikachukua shali ya sufu nikaisokomeza katika tundu mpaka ikashika vizuri. Nilijiona mwerevu. Nikalala kitini.

Kengele iliniamsha. Kichwa kilikuwa kizito na miguu haikunitii. Nilitaka kuinuka, na wazo la kuinuka likaja, likapita, kama jambo lililomhusu mtu mwingine. Kilichoninyanyua ni kukumbuka kuwa mtoto yuko juu. Nilipanda ngazi kwa mikono na magoti, nikamwamsha, nikamshusha, nikafungua mlango wa mbele, tukakaa nje katika theluji tukiwa tumefunikwa blanketi moja mpaka msaada ulipokuja. Daktari alitupima damu, akaeleza kuwa sumu ile haina rangi wala harufu, na kwamba damu huishika kwa nguvu inayozidi mara 200 ile inayoishikia hewa njema. Mtu hafi kwa kukabwa, bali hufa kwa usingizi.

Aliposema usingizi, nilitoka Uingereza nikarudi Lushoto.

Nilikuwa na miaka tisa. Mwezi wa Julai milima ya Usambara huwa na baridi ya kuuma vidole, na baba yangu mdogo alikuwa amekuja likizo kutoka Tanga, mtu wa joto la pwani. Jioni aliomba jiko la makaa chumbani. Mimi ndiye niliyelichukua. Nililipepea ukumbini mpaka makaa yakawa mekundu na moshi ukaisha, maana tuliamini kuwa moshi ukiisha hatari imekwisha. Nikaliingiza ndani, nikalitua karibu na kitanda. Alinishukuru, akanipa sarafu. Kisha akaniambia, “Mwanangu, upepo unapita chini ya mlango.” Nikaleta gunia, nikalisokomeza chini ya mlango kwa vidole vyangu, mpaka likashika vizuri.

Asubuhi hakuamka. Hapakuwa na jeraha, wala povu, wala dalili ya ugonjwa. Amelala kama mtu aliyeshiba usingizi. Mauti yasiyo na alama hutafutiwa mwenyewe. Kabla ya matanga kuanuliwa jina lilikuwa limekwisha kupatikana: bibi mmoja mjane, jirani yetu, ambaye wiki ile aligombana na nyumba yetu juu ya mpaka wa shamba. Hakuna aliyempiga, namshukuru Mungu. Lakini watu waliacha kuchota maji naye, waliacha kumwalika arusini, na watoto, mimi nikiwamo, tulivuka njia tulipomwona. Jiko lilirudishwa jikoni likaendelea kupika, wala hapana aliyelishuku.

Nimefikiri sana tangu usiku ule kwa nini hatukujua, hali jiko la makaa ni letu tangu zamani. Naona sababu yake ni nyumba. Nyumba za babu zetu zilipumua: moshi ulipenya katika majani ya paa, hewa iliingia baina ya ukuta na paa, na mlango haukuziba. Tulipojenga kwa saruji, bati, dari na madirisha ya vioo, tuliibadili nyumba tukaliacha jiko na desturi yake kama vilivyokuwa. Desturi iliyokuwa salama katika nyumba ile ikawa mauti katika nyumba hii, na hapana aliyetuambia. Waingereza nao hawakuzaliwa na hekima hii. Waliifikia kwa maziko, wakaiandika kwa milimita ili asiyehudhuria maziko aweze kuitii. Sheria njema ni kumbukumbu ya wafu iliyofanywa kuwa kipimo. Ila kipimo bila maelezo ni mzigo tu. Mimi nilikuwa na hati, kibao na kengele, na bado nikaziba tundu kwa mkono wangu, kwa kuwa nilikitii kipimo pasipo kukielewa.

Basi niliandika barua kwa shangazi yangu, aliye mkubwa wa ukoo sasa. Nilimweleza juu ya shali na gunia, nikamwomba mambo mawili: kwamba katika nyumba zetu zote pasilale tena mtu na jiko la makaa, hata moshi wake uwe umekwisha, na kwamba aende kwa watoto wa yule bibi, maana mwenyewe amekwisha kufa, akawaambie kuwa mama yao hakuua mtu.

Jibu lilikuja baada ya mwezi. “Mwanangu,” aliandika, “barua yako imefika, nami nimekwenda. Niliwasomea mara mbili. Hawakunitukana. Mkubwa wao aliuliza neno moja tu: Mbona imechukua miaka yote hii? Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa, tukanywa chai, nikarudi. Usijilaumu, ulikuwa mtoto. Lakini sisi tulikuwa watu wazima.”

Mimi pia sina la kumjibu. Najua tu kuwa fundi huja kila mwaka kufagua dohani, na simnung'unikii tena bei yake. Na kila jioni ya baridi, kabla ya kuwasha moto, naweka kiganja mbele ya tundu lile dogo ukutani, nihakikishe kuwa upepo ungali unapita.