Kadi ya dhahabu ng'ambo ya mpaka

Wengi mmeniuliza kama ni kweli mwandishi wenu anachukulia mshahara wake Gisenyi. Ni kweli. Acha niwaeleze ilivyokuwa, pamoja na aibu yangu.

Goma ilipoingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango. Mshahara wangu wa Februari uliingia kwenye konti kama kawaida. Niliuona kwenye simu, lakini hapakuwa na gishe wala mashine ya kuutolea. Pale Birere, kijana wa kibanda cha pesa za simu aliniomba dola 4 kwa kila dola 100, na siku nyingine akasema hana kashi kabisa. Wakati huo mama yangu mdogo, aliyekimbia Sake na watoto watano, alikuwa ameondolewa kambini pamoja na wengine na kulala katika darasa la shule. Alikuwa ananingoja na dola 50. Hakunisumbua. Kila jioni alinibipu mara moja tu, basi.

Mwezi wa tatu nikavuka Petite Barrière na pasipoti yangu mfukoni. Nyumbani tumezoea kadi ya mpiga kura ifanye kazi yote, lakini ukitaka konti katika nchi ya wengine wanakuomba pasipoti, barua ya mwajiri na maelezo ya pesa zinakotoka. Hapo sikuogopa. Swali lililonikwamisha lilikuwa jepesi: «Unakaa wapi?» Nikasema Goma. «Hapa kwetu unakaa wapi?» Sikuwa na jibu. Ilibidi rafiki mmoja aliyepanga nyumba Gisenyi akubali niandike anwani yake.

Sasa aibu yenyewe. Ukutani palikuwa na picha ya mtu mwenye suti, ameshika kadi ya rangi ya dhahabu. Nikaona hiyo ndiyo itakayoniokoa: kadi ya mkopo, nalipa leo, narudisha kesho, hakuna tena kumngoja kijana wa Birere. Nikamwambia yule dada wa gishe nataka hiyo. Hakunicheka. Aliuliza, «Bwana, mshahara wako umepita hapa miezi mingapi?» Hata mmoja. Basi akanifafanulia kwamba kadi ya kawaida inatoa pesa zako mwenyewe zilizomo kwenye konti, lakini ya mkopo inatoa pesa za benki, na benki haimkopeshi mgeni isiyemjua. Nikiitaka sana, niweke dola zangu kama dhamana, zifungwe, halafu nikope kidogo juu yake. Yaani nikope pesa zangu mwenyewe na kulipa riba nikichelewa! Juu yake kuna ada ya kila mwaka, na kiasi ambacho hakitakiwi kupungua kwenye konti. Faida yake kubwa aliyonisomea ni kukaa katika chumba cha wageni wa heshima uwanja wa ndege. Nikafikiri uwanja wetu wa Goma, usiotua ndege ya abiria tangu Januari, nikacheka mwenyewe.

Nilichukua konti ya kawaida, ya dola. Hilo la dola nilijifunza baada ya kumsikiliza jirani kwenye foleni. Yeye alifungua ya franga za Rwanda. Dola zake zikiingia zinabadilishwa, akifika mpakani anazibadilisha tena kuwa dola, na mara zote mbili anaacha kitu. Kwa hiyo ninyi mnaofikiria kuvuka, kabla ya saini ulizeni konti ni ya pesa gani, kutoa kunakatwa kiasi gani, na kama pesa inayotoka nyumbani itakatwa pia njiani. Wakiwaambia ni bure, ombeni karatasi ya bei.

Nilingoja siku 12. Siku ile simu ililia nilikuwa kazini, nikamwomba mwenzangu asome habari za saa sita, nikavuka. Gishe wakanipa dola, nikazihesabu mara mbili mbele yao kama mtoto. Jioni nikampelekea mama mdogo noti moja ya 50. Alipiga magoti. Nikamwinua, sikupenda kabisa.

Kesho yake asubuhi akanipigia, safari hii si kubipu. Muuza unga ameikataa noti. Ina mpasuko pembeni, mdogo kama ukucha wa mtoto, na mnajua wenyewe kwetu noti ya dola yenye alama hiyo haina anayeipokea. Gisenyi niliikagua namba tu, sikutazama pembe.

Nilimpa nyingine. Ile iliyopasuka iko ndani ya kitabu changu cha kazi. Jumatatu nitaivusha tena, nione kama wataikubali.