Asili Ipi, Mjomba?

Mwacha asili ni mtumwa. Ndivyo walivyonena wahenga, na ndivyo Mjomba alivyozoea kuniambia kila nilipotaja habari za chuo. Methali yenyewe siipingi. Ninachomwuliza, na mpaka leo hajanijibu, ni swali dogo tu: asili ipi?

Mimi ni kijana wa miaka 22, mzaliwa wa Naivasha. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2022, nikapata alama za kuniingiza chuo kikuu, lakini karo ikawa kizingiti. Tangu hapo niko mjengoni. Mchana nawachanganyia mafundi simiti, usiku naandika. Mambo matatu nayapenda mno katika dunia hii: riwaya ya Kiswahili, ukuta ulionyooka, na mzee anayejua kusimulia.

Hilo la ukuta huenda nimelirithi. Babu mzaa mama alikuwa Mtaliano, fundi mwashi kutoka kaskazini ya Italia. Mtaani walimwita Mama "pointi faivu". Mimi, kwa hesabu hiyo hiyo, ni nusu ya pointi. Ukinikuta kwenye matatu hutajua kitu, labda unione nikigombana na fundi aliyeweka jiwe upande.

Kwetu hadithi ya Babu huanzia Mai Mahiu. Ukiteremka Bonde la Ufa kwa ile barabara ya zamani, utaona kando ya njia kikanisa kidogo cha mawe. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kitaliano, wale wale waliotumikishwa kuichonga barabara hiyo ukingoni mwa bonde. Mgeni akija kwetu, Mjomba humpeleka hapo, akashika jiwe moja, akasema, "Hili ni la mzee." Ni lile jiwe ama ni jingine, nani ajuaye? Lakini mgeni huondoka ameridhika.

Sasa mateka haanguki kutoka mbinguni. Alitekwa wapi? Hapo Mjomba hubadilisha mazungumzo, aulize kama chai iko tayari.

Babu alikuwa askari wa Mussolini. Oktoba 1935 jeshi la Italia liliivamia Ethiopia, likawamwagia watu hata gesi ya sumu, na Mei 1936 likaingia Addis Ababa. Babu alipelekwa huko mwaka 1939, akiwa na umri kama wangu huu. Mwaka 1941 Waingereza na wapiganaji wa Kihabeshi wakalivunja jeshi lile, na mateka kwa maelfu wakaletwa Kenya. Kwa hiyo Babu hakuja Afrika na mwiko. Alikuja na bunduki. Mwiko aliurudia alipokwisha kushindwa.

Nyanya, aliyefariki mimi nikiwa darasa la saba, aliniambia jambo ambalo Mjomba hapendi lisemwe. Ati Babu akishikwa na homa alikuwa akitaja majina ya vijiji ambavyo Nyanya hakuvijua. Asubuhi akiulizwa alisema ni ndoto. Nyanya hakuuliza zaidi. "Kila mtu ana chumba chake cha kufunga," aliniambia.

Vita vilipokwisha, Babu alirudishwa kwao pamoja na wenzake. Huko hakukuwa na kazi. Italia ilikwisha kuwa nchi ya watu kuondoka: kati ya 1876 na 1976 waliihama watu wapatao milioni 26, wakaenda Argentina, Brazil, Marekani na kwingineko kutafuta mkate. Babu naye akahama, ila yeye alirudi kule alikokuwa mfungwa. Mwaka 1949 alishuka Mombasa kwa nauli yake mwenyewe, na sanduku la vyombo: nyundo, patasi, timazi na pimamaji. Nadhani siku hiyo ndiyo aliyoanza kuwa babu yangu.

Nyanya alikuwa akichuma pareto kwenye shamba la mlowezi huko Kinangop. Waliishi pamoja kuanzia 1953, mwaka mmoja baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Fikiria, msomaji: kaka yake yuko kizuizini, naye anampikia Mzungu. Wenzake walimwona msaliti, na wake wa walowezi walimwona kijakazi. Ndoa haikuandikwa popote. Watoto walichukua majina ya kwao Nyanya, na kwenye cheti cha kuzaliwa cha Mama, mahali pa jina la baba, pana safu ya alama za X.

Hizo X ndizo zilizomtesa Mjomba miaka yote. Machi 2025 serikali ya Italia ilikaza sheria ya uraia wa damu. Kwa jumla, anayezaliwa nje sasa lazima awe na mzazi au babu au bibi aliyekuwa Mtaliano, si wa nyuma zaidi. Mjomba alikuja mbio. "Wewe ndiye mjukuu wa mwisho," akaniambia. "Mlango huu ukifungwa, umefungiwa na wanao." Alikuwa amekwisha kumpata wakili wa kulipeleka shauri mahakamani kule, athibitishe kwamba mzee alikuwa baba yao.

Wakati huo tulikuwa tumeuza nusu ekari ya Nyanya. Fungu la Mama lilitosha kitu kimoja: ama wakili, ama karo yangu ya mwaka wa kwanza. Nami nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea Kiswahili na historia.

"Ati unaenda chuo kusomea lugha unayoijua?" Mjomba akacheka.

"Naijua, Mjomba, kama abiria anavyoijua gari," nikamjibu. "Nataka kuwa fundi wake."

Hakucheka tena. Mama alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Baba alinifunza kushika pimamaji. Kiitaliano hakunifunza. Mtoto asome." Mjomba akachukua kofia yake. Huu ni mwezi wa nane hajakanyaga kwetu, na Mama hana ndugu mwingine. Karo yangu ina bei hiyo pia, na simwoni Mjomba kuwa mbaya. Yeye ndiye aliyetukanwa utotoni kuwa mtoto asiye na baba. Pasipoti kwake ni jina.

Mimi jina nalitafuta kwingine. Nilipoisoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, habari ya kijana anayetoka Tanga kumtafuta babake, nilijua kwamba tatizo letu lina lugha tayari, na lugha hiyo ni hii yangu. Wataliano wamekwisha kuandika upande wao. Felice Benuzzi na wenzake wawili walitoroka kambi ya Nanyuki Januari 1943, wakapanda Mlima Kenya kwa vifaa vya kujitengenezea, wawili kati yao wakafika Lenana, halafu wote wakarudi kambini wenyewe. Mwaka 1947 alichapisha kitabu. Ni kisa kitamu sana. Lakini nikimaliza kukisoma namtafuta mchuma pareto, namtafuta mwanakijiji wa Ethiopia, sioni mlango wa kuwaingilia.

Ndiyo sababu nataka historia pamoja na Kiswahili. Kumpenda Babu si kazi ngumu. Kazi ni kumpenda na vijiji vile vikiwa ukurasani. Siwezi kurithi kikanisa nikaikataa bunduki, kama vile siwezi kujigamba na mwashi nikamsahau aliyempikia. Asili yangu ni hao wote, na wengi wao hawakuwahi kuiona Italia.

Wewe mwenzangu unayeandika usiku kama mimi, pengine kwenu hakuna Mtaliano. Lakini hapakosi mzee anayebadilisha mazungumzo mahali fulani. Mwulize kwa adabu, na umwulize mapema. Nyanya yangu alikuwa na mengi, nami nilikuwa mtoto.

Riwaya nimeianza. Sura ya kwanza iko Ethiopia, si Mai Mahiu, na aliye ndani yake ni mwanamke anayefunga mlango aliposikia ndege. Septemba naingia chuoni. Ya pili nitaiandikia huko.