Kutoka Bunda hadi Butiama: Sarafu Yako Yaenda Wapi?

Msomaji mpendwa, karibu tusafiri pamoja katika mkoa wa Mara. Nauli ni yangu. Wewe leta macho na masikio.

Ukitoka Mwanza kwa basi na kupita Lamadi, mbuga za Serengeti ziko kulia kwako na ziwa liko kushoto. Punde waona vilima vya Bunda. Hii ni nchi ya pamba. Mkulima wake hupanda, hupalilia, huchuma, ndipo apate fedha.

Tushuke stendi. Katika duka moja, kati ya sabuni na mifuko ya chumvi, imesimama mashine yenye taa nyekundu na kijani. Watu waiita dubwi. Nilimkuta kijana mwendesha pikipiki akiitumbukizia sarafu za shilingi 200, moja baada ya moja. Mashine ikalia, ikatema sarafu chache. Kijana akacheka, akazirudisha zote ndani. Alipotoka hakuwa na kitu. Nikamwuliza, "Mwanangu, na hesabu ya mwenye pikipiki je?" Akajibu, "Mzee, kesho itarudi." Mlangoni alisimama mtoto wa shule, akijifunza kwa macho.

Labda utasema, "Lakini sheria yaruhusu." Ni kweli. Bahati Nasibu ya Taifa ilianzishwa kwa sheria ya 1974. Kisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003 iliunda Bodi ya kutoa leseni za kasino, mashine na kubeti, tena yamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza. Lakini mashine ikiwekwa pale mtoto anapotumwa chumvi, nani atamwuliza umri wake?

Basi twende Musoma. Mwaloni utaona akina mama wakianika dagaa, na wavuvi waliokesha ziwani wakigawana fedha. Tuketi hapa kidogo tufanye hesabu.

Katika kasino kuna gurudumu lenye namba 37, yaani 0 hadi 36. Tuseme wavuvi 37 waweka shilingi 1,000 kila mmoja, kila mtu na namba yake. Jumla ni shilingi 37,000. Mmoja atashinda, naye atapewa 35,000 pamoja na ile 1,000 yake, yaani 36,000. Shilingi 1,000 imebaki kwa mwenye mchezo. Wakicheza hivyo mara 37, yeye amekwisha kuchukua shilingi 37,000, wala hakuloa maji. Hakuna aliyeiba, mchezo wenyewe ndivyo ulivyotengenezwa. Dubwi na mikeka ya kubeti zina hesabu zake, lakini mwenye mchezo hujiwekea fungu lake vilevile. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba si chako.

Wengine wasema kamari huipa Serikali kodi, nayo kodi hujenga shule. Tujibu kwa haki: kodi hiyo yatoka katika fedha zilizopotea. Ili Serikali ipate shilingi moja, lazima wachezaji wapoteze zaidi ya shilingi moja. Pamba ya Bunda nayo hulipiwa kodi, lakini imeacha uzi na mafuta. Kamari imeacha nini? Jirani zetu wa Kenya waliona kodi peke yake haitoshi: mwaka 2019 Serikali yao ilikataa kuongeza leseni za makampuni 27 ya kubeti.

Sasa turudi Makutano, tushike njia ya Butiama. Hapa alizaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na hapa alizikwa baada ya kufariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mwalimu alipenda kucheza bao na wazee. Basi mchezo si dhambi, wala kufurahi si kosa. Katika bao la wazee, aliyeshindwa hutaniwa, huondoka akicheka, na mahindi yake yangali ghalani. Lakini mchezo ukimnyima mtoto chakula na daftari, si mchezo tena. Ni Mwalimu huyo aliyeongoza nchi kutangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, lililotufundisha kuwa fedha si msingi wa maendeleo, bali watu na bidii yao.

Msomaji, ukirudi kijijini, tazama dukani kwenu. Ikiwa dubwi ipo, inuka katika mkutano wa kijiji, kwa adabu, uulize: Nani ameileta? Leseni iko wapi? Na watoto je? Mwombe diwani naye apeleke neno mbele, sheria iziondoe mashine hizi vijijini.

Na mwanao akiwa amekwisha kunaswa, usimfukuze. Kaeni naye jioni, mhesabu pamoja fedha alizotia na alizopata. Kisha mtafutie jembe au wavu, na mwende pamoja asubuhi.