Nje ya Nini?

Binti huyo alikuwa kidato cha pili, na kwao ni Mtoni, wilayani Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa iendayo Mbagala. Sentensi iliyomliza jioni ile ilikuwa fupi: "The child slept outside last night." Aliulizwa kama neno "outside" hapo ni kihusishi au kielezi. Akaikumbuka kanuni aliyopewa darasani, kwamba neno likifuatwa na nomino basi ni kihusishi. Akaiona nomino "night" imekaa karibu, akajibu bila wasiwasi. Kalamu nyekundu ikapita. Katika maswali ishirini alipata saba, na mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza miezi miwili.

Ikumbukwe kwamba tangu 1967 shule za msingi za serikali, kwa jumla, hufundisha kwa Kiswahili, ilhali sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto anayevuka kutoka huku kwenda kule huambiwa, pengine kwa adhabu, aiache lugha yake langoni. Binti aliitii amri hiyo. Kosa lake alilitafuta ndani ya Kiingereza peke yake.

Baba yake alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Makunduchi. Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini mashairi alikuwa akiyatunga, mizani akizihesabu kwa vidole huku kitambaa kikipita chini ya sindano.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho mekundu?"

Alipoelezwa, alitaka aisikie sentensi kwa Kiswahili.

"Mtoto alilala nje jana usiku."

"Nje ya nini?"

"Haikusemwa, baba."

"Na ingesemwa?"

"Alilala nje ya nyumba."

Fundi akasimamisha cherehani. "Hiyo ni mizani nane kamili. Iondoe 'ya', zinabaki saba, na nyumba haina tena pa kushika."

Mzee hakujua jina la kihusishi, lakini alikuwa amekishika mkononi. Kiswahili huidhihirisha tofauti ambayo Kiingereza huificha. Nje, ndani, mbele, nyuma, juu na chini, yakisimama peke yake, ni vielezi. Yakifuatwa na "ya", yanamhusisha mtu au kitu na kingine, na hapo hufanya kazi ya kihusishi. Konda wa daladala anayepiga kelele "Sogeeni nyuma!" ametumia kielezi. Abiria asemaye kwamba amekaa nyuma ya dereva ametumia kihusishi. Kiingereza huyavika maneno hayo vazi moja: "He is inside" na "He is inside the house". Anayetaka kuyapambanua na aulize "ya nini?", kisha atazame kama sentensi yenyewe inajibu. Katika swali la binti, "last night" hujibu "lini?", wala halijibu "nje ya nini?". Kwa hiyo "outside" ni kielezi, hata kama nomino imelifuata. Kanuni ya darasani ilitazama ujirani tu, na jirani si lazima awe ndugu.

Hata hivyo, ufunguo wa mzee haukufungua kila kufuli. "She ran up the hill" ni kupanda kilima mbio. "She ran up a bill" ni kulimbikiza deni. Katika sentensi ya pili "up" ni sehemu ya kitenzi, na huweza kuhama: "She ran the bill up". Ya kwanza haikubali uhamisho huo. Kiswahili hapa hakina "ya" ya kutusaidia, kwani shughuli yote imemezwa na kitenzi, kama vile "andikia" inavyobeba ndani yake uhusiano ambao Kiingereza huupa neno la peke yake.

Hata mabingwa wa Kiingereza hawajaafikiana. Otto Jespersen, mwaka 1924, alihoji kwa nini neno moja ligawanywe aina mbili kwa sababu tu mara hufuatwa na nomino na mara halifuatwi, ilhali kitenzi "kula" hubaki kitenzi, chakula kitajwe kisitajwe. Mwaka 2002 Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa, waliliita neno kama "outside" kihusishi pande zote mbili. Kwa mizani yao, jibu la binti lilikuwa sahihi, ingawa hoja yake ilikuwa mbovu. Lakini mtihani ulifuata sarufi ya mapokeo, na binti alihitaji kufaulu.

Alifaulu. Miaka mingi baadaye anafundisha tuisheni Mbagala, na Kiswahili hakiachwi mlangoni kwake. Siku ya somo la vihusishi haanzi kwa kuandika kanuni ubaoni. Hutamka neno moja tu, "Nje", kisha hunyamaza, akingoja mpaka mtoto mmojawapo aulize: "Nje ya nini, mwalimu?"