Mkebe wa Januari

Jumanne, 7 Januari 2025. Langas.
Mpwa wangu amerudi kutoka kwa nyanya yake Funyula, tumbo kama ngoma na chakula hataki. Dada kanifikia kazini maabara na mkebe wa choo chake kabla sijavua sweta. Nikajaza choo kwenye kitundu cha kipimo, miligramu 41.7, nikafunika, nikawahi kusoma, maana ikipita saa moja mayai ya safura hufifia usiyaone. Safura hakuna. Mayai ya mchango 212. Zidisha kwa 24: 5,088 kwa gramu. Ya minyoo mjeledi 9, yaani 216. Daktari kaandika kidonge kimoja cha albendazole, miligramu 400. Nilisimama pale mpaka akakitafuna chote.

Jumatano, 8 Januari.
Simu ya dada, saa kumi na mbili asubuhi. "Kaka, hakuna kilichotoka. Hii dawa si feki kweli?"
Sisi tulilelewa na Ketrax, dawa ya minyoo ya zamani. Ile hupooza mnyoo, ukashindwa kujishikilia, utumbo ukausukuma nje ungali hai. Kukicha, kijiji kizima kina ushahidi. Albendazole haina sarakasi hiyo. Huuzuia mnyoo kufyonza sukari, ukafa kwa njaa siku kadhaa, na pengine usiuone kabisa. Nimemweleza. Amesema "haya", ile haya ya kumnyamazisha mtu.

Ijumaa, 10 Januari.
Imetoka miwili. Kijana kapiga mayowe mpaka jirani akaja na rungu.
Sasa dada anataka nipime leo leo. Nimekataa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipima choo cha mtoto siku ya nne, nikakuta mayai, nikamwambia mama yake dawa imeshindwa. Maskini akatoa pesa nyingine. Kosa lilikuwa langu: jike la mchango hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku, na yaliyokwisha kutagwa lazima yapite. Kuna na hila ya upande wa pili, mnyoo uliodhoofika kuacha kutaga kwa muda, nawe ukaona kioo kitupu ukafurahi bure. Siku 14 hadi 21. Si kabla.

Jumapili, 12 Januari.
Kijana kala ugali mara mbili. Nimekumbuka shule. Funyula na Budalang'i ndiko walikofanyia ule mradi wa dawa za minyoo ulioanza 1998, shule 75, zikiingia kwa zamu. Yetu ilikuwa ya zamu ya mwisho, 2001. Miguel na Kremer waliandika 2004 kwamba utoro ulipungua kwa robo hivi, na kwamba hata ambao hawakumeza dawa walipata nafuu kwa kuwa karibu na waliomeza. Kremer alipopata Nobeli ya uchumi 2019 niliwaambia wenzangu maabara kwamba choo changu kilichangia. Hawakucheka.

Jumanne, 21 Januari.
Siku ya 14. Mchango: sufuri. Mjeledi: 7.
Tisa hadi saba si nafuu, ni bahati ya kijiko. Nilitarajia. Dozi moja ya albendazole humaliza mchango kwa watu kama 95 katika 100, safura 80 hivi, lakini mjeledi 30 tu. Wenyewe huchomeka kichwa ndani ya ukuta wa utumbo mpana. Kwale wamejaribu kidonge kinachochanganya albendazole na ivermectin, na nakisubiri kwa hamu. Kwa sasa daktari ameandika albendazole siku tatu mfululizo.
Hiyo imenipendeza kwa sababu nyingine. Yai la mchango alilomeza mwishoni mwa Desemba, tarehe 7 lingekuwa kiluwiluwi kinachopita mapafuni, na kile kidonge cha kwanza kiliua minyoo iliyokuwa tumboni tu. Kikohozi chake cha wiki ile nilikidhania vumbi la Langas.

Jumanne, 11 Februari.
Mchango sufuri, mjeledi 1.
"Kwa hiyo imeisha?" Nimemwambia dada imebaki kidogo mno kumsumbua.
Jioni nyanya kapiga simu, anauliza shule zinafungwa lini Aprili. Nilimuuliza kama choo chake kilichobomoka mvua za Novemba kimejengwa. Kacheka, akaanza habari za kuku. Nimemtafuta fundi wa kule. Anasema atanipa bei ya kuchimba kila futi kesho.