Nyama ya Msitu wa Bavaria Si ya Bure

Iko dhana iliyokita mizizi miongoni mwetu sisi wakazi wa mijini kwamba nyama ya porini ni nyama ya bure. Mnyama hakufugwa na mtu, hakulishwa pumba wala hakuchanjwa; kazi iliyobaki ni kumpiga na kumbeba tu. Anayetaka kuipima dhana hii na aandamane nami hadi kusini mwa Ujerumani, katika jimbo la Bavaria, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Cheki, ambako nguruwe mwitu ni wengi na wawindaji nao si haba.

Neno moja kabla ya kufunga safari. Wapo wasomaji wetu wengi ambao dini yao imewakataza nyama hii. Makala haya hayamwaliki mtu mezani; yanahesabu gharama, na hesabu haina najisi.

Kutoka Munich, treni ya kwanza hukufikisha Plattling, mji mdogo ulio kwenye tambarare ya mto Danube. Hapo utashuka na kupanda treni nyingine fupi, ambayo wenyeji huiita Waldbahn, yaani reli ya msitu. Treni hiyo huvuka Danube, hupita Deggendorf, kisha huanza kupanda milima kuelekea Zwiesel, mji uliojipatia sifa kwa viwanda vya vioo. Kule tambarare utaona ngano, viazi, na mahindi mengi ajabu. Usidhani kwamba Wajerumani wamejifunza kula ugali! Mahindi yale ni chakula cha ng'ombe, na mengine hukatwakatwa mabua kwa magunzi yakatiwa katika matangi makubwa, yakachacha na kutoa gesi ya kuendeshea mitambo ya umeme. Mbele zaidi mashamba hupungua, makanisa yenye minara ya mviringo kama vitunguu huonekana kwa mbali, na misonobari hutanda mpaka upeo wa macho.

Kandokando ya msitu huo, kila baada ya mwendo mfupi, niliona kitu kilichonifanya nicheke peke yangu. Niliona dungu. Naam, dungu lile lile la mkulima wa Rufiji au Kilombero, limesimama juu ya miguu minne ya miti, lina ngazi na paa. Tofauti ni kwamba dungu la kwetu hukaliwa na mkulima na watoto wake wenye debe la kupigia kelele, wakilinda mpunga usiliwe na ndege mchana na nguruwe usiku. Dungu la Bavaria hukaliwa na mwindaji mwenye bunduki yenye darubini, naye hulipa fedha ili apate kukaa pale.

Hulipa kwa nini? Jibu lake limo katika historia. Hadi yalipotokea mapinduzi ya mwaka 1848, haki ya kuwinda katika sehemu kubwa ya nchi za Kijerumani ilikuwa ya makabaila. Nguruwe wa bwana walikula shamba la mkulima, na mkulima aliyethubutu kumuua mmoja aliadhibiwa vikali. Mwaka huo haki ya mtu kuwinda katika ardhi ya mwenzake iliondolewa, na tangu hapo uwindaji umefungamana na umilikaji wa ardhi yenyewe. Hata hivyo, si kila mwenye kiunga awezaye kutoka na bunduki. Sheria ya shirikisho yataka hekta zisizopungua 75 zilizoungana ndipo mtu awe na eneo lake mwenyewe la kuwindia, na Bavaria kiwango kimezidi hapo kidogo. Wenye vipande vidogo huunganishwa kisheria katika chama kimoja, na chama hicho hukodisha haki ya uwindaji, aghalabu kwa mkataba wa miaka 9 au zaidi. Kodi ni mali ya wenye ardhi wote wa chama hicho.

Mwenyeji wangu hakuwa kabaila wala mwanawe. Alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mbao, mfanyakazi wa zamu kama wewe, na eneo lake aliligawana na wenzake watatu ili kodi isiwaelemee. Lakini kodi, alinieleza, ndiyo sehemu nyepesi. Mkataba wao, kama mikataba mingi ya namna hiyo, ulikuwa umewatwika pia jukumu la kumlipa mkulima kila nguruwe wanapoharibu shamba. Kundi moja likiingia katika mahindi yaliyokomaa, kufika alfajiri limelaza chini eneo la kuchezea mpira. Mkulima hupewa juma moja tangu ajue hasara yake kuipeleka taarifa kwa wakuu wa mji. Akichelewa, haki yake imepotea. Akiwahi, mkadiriaji huja na kamba ya kupimia, na mwindaji hutoa pochi. Kwetu malipo ya kumpoza aliyeharibiwa mazao na wanyama huitwa kifuta jasho, nayo hutoka serikalini. Kule hutoka mfukoni mwa yule aitakaye nyama. Mimi nililiona jambo hilo kuwa la busara kuliko mengi niliyoyaona katika safari ile, ingawa mwenyeji wangu hakuonyesha furaha kubwa nilipomwambia hivyo.

Tuendelee kuhesabu. Hakuna anayekodi eneo wala kushika bunduki kabla ya kufaulu mtihani wa uwindaji, wenye sehemu ya kuandika, ya kujibu kwa mdomo, na ya kulenga shabaha. Mtahiniwa huulizwa sheria, magonjwa ya wanyama, mimea, mbwa, na usafi wa nyama. Wenyewe kwa mzaha huuita mtihani wa kidato cha juu wa rangi ya kijani. Mafunzo pamoja na ada yake huweza kufika yuro 2,000 na kuzidi. Kisha ipo bima ya lazima, endapo risasi itamdhuru mtu. Ipo bunduki yenyewe, na kasha la chuma la kuifungia, nalo ni amri ya sheria. Na yupo mbwa. Nguruwe aliyejeruhiwa asiachwe afe kwa mateso vichakani. Lazima atafutwe, na mwanadamu hana pua ya kumtafuta. Bavaria wana aina yao ya mbwa wafuatao harufu ya damu milimani, na wengine huvikwa fulana nene wasije wakapasuliwa na pembe za dume. Pamoja na fulana hizo, daktari wa mifugo hapungukiwi na kazi ya kushona mbwa.

Nilikaa dunguni mara tatu. Usiku wa kwanza tulisikia wanatafuna mahindi, hatukuwaona. Usiku wa pili mwezi uling'aa vizuri, wakatoka wanane kwenye uwazi, na mwenyeji wangu hakufyatua risasi. Mbele alikuwa jike mkubwa, na nyuma yake watoto wenye michirizi mgongoni. Kumpiga mama ambaye watoto wake bado wanamtegemea ni kosa la jinai, naye hakuwa tayari kubahatisha katika kivuli. Saa nne tuliketi juu ya ubao kwa baridi ambayo sweta langu la Dar es Salaam halikuijua. Mtu akitaka kukadiria bei ya nyama ile, asisahau saa hizo. Ni saa za usingizi wa mtu anayetakiwa kiwandani alfajiri.

Usiku wa tatu alimpata mmoja, kijana wa mwaka wa pili, mwenye uzito wa kilo kama 50. Hapo ndipo mjini tunadhani kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Utumbo lazima utolewe upesi kabla nyama haijaharibika, na mtoaji atazame ini, mapafu na figo kwa macho ya mkaguzi, maana yeye ndiye wa kwanza kugundua ugonjwa. Mzoga huburutwa hadi kwenye gari, ukafikishwa katika chumba cha baridi ambamo nyama nzima ishuke mpaka nyuzi 7 au chini yake. Ukiondoa utumbo, kichwa, ngozi na mifupa, kinachobaki cha kutia sufuriani ni karibu nusu ya uzito ule.

Wala haijaruhusiwa kutiwa sufuriani. Kwanza hukatwa vipande vidogo vya kiwambo cha kifua na vya mguu wa mbele, vikapelekwa kwa mkaguzi wa serikali. Huko nyama huyeyushwa katika dawa ifanyayo kazi kama maji ya tumbo, na kinachobaki hutazamwa kwa hadubini, kutafuta mnyoo mdogo mno uitwao trikinela. Mnyoo huo hujikunja ndani ya msuli, haonekani kwa macho, na humwingia mtu alaye nyama isiyoiva sawasawa. Mpaka majibu yatoke, hakuna aliye na ruhusa ya kuila nyama hiyo, hata mwindaji mwenyewe nyumbani kwake.

Upo na ugonjwa mwingine ambao wawindaji wa Ujerumani huuzungumza kwa sauti ya chini, na jina lake lilinishtua: homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1921. Ngiri wetu huishi na virusi vyake bila kuugua, na papasi waliomo katika mashimo yao huvieneza. Lakini nguruwe wa kufugwa, na nguruwe mwitu wa Ulaya, hufa kwa wingi. Mwaka 2007 uliingia Georgia, ukasambaa taratibu, na Septemba 2020 ukathibitishwa katika mzoga wa nguruwe mwitu jimboni Brandenburg, karibu na mpaka wa Poland. Binadamu haumdhuru hata kidogo. Lakini virusi hukaa miezi mingi ndani ya nyama iliyotiwa chumvi au kukaushwa, hivi kwamba kipande cha mkate wenye soseji kilichotupwa na dereva wa lori chaweza kuangamiza mabanda ya wilaya nzima. Ndiyo maana kando ya barabara kuu utakuta mabango ya lugha nyingi yakimsihi msafiri afunge mabaki ya chakula chake ndani ya pipa. Ndiyo maana pia wawindaji wamehimizwa wapunguze nguruwe: katika msimu wa 2019/20 waliuawa zaidi ya 880,000 katika Ujerumani nzima.

Sasa nije kwenye gharama iliyo kubwa kuliko zote, ambayo hakuna mwindaji aliyeipanga.

Tarehe 26 Aprili 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl, huko Ukraine, kililipuka. Mawingu yalisafiri, na mwanzoni mwa Mei mvua ikanyesha juu ya kusini mwa Ujerumani. Pamoja na maji ilishuka sesiamu, madini yatoayo mionzi, ambayo nusu yake huisha baada ya miaka 30 hivi. Katika mashamba sumu hiyo ilichanganyika na udongo na kufifia. Katika wanyama wengine wa msitu, kama paa, imepungua sana. Katika nguruwe imegoma kupungua. Sababu yake ni tumbo la nguruwe: wakati wa baridi hufukua uyoga fulani uotao chini ya udongo, usioliwa na watu, na sesiamu, ikizama ardhini polepole mwaka hadi mwaka, imekusanyika humo.

Mwaka 2023 wataalamu wa Vienna na Hannover walitangaza jambo zito zaidi. Walipima nyama 48 kutoka wilaya 11 za Bavaria, na asilimia 88 zilizidi kiwango kinachoruhusiwa kuuzwa, ambacho ni bekereli 600 kwa kilo, yaani atomi 600 kuvunjika kila sekunde. Walipoichunguza asili ya sesiamu hiyo waliona kwamba si yote ya Chernobyl. Baina ya asilimia 12 na 68, kwa kutegemea mnyama, ilikuwa ya majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa hewani katika miaka ya 1950 na 1960. Wakubwa wa dunia walijaribu silaha zao mbali kabisa na Zwiesel, na fundi wa mbao aliyezaliwa baadaye anakuta vumbi lao katika kitoweo chake.

Asubuhi tulikwenda kwenye kituo cha kupimia. Chama cha wawindaji cha Bavaria kimeweka vituo vingi vya namna hii. Hiki kilikuwa chumba kidogo nyuma ya karakana, chenye chombo cha risasi nzito mithili ya pipa. Nusu kilo ya nyama iliyosagwa ilitumbukizwa, mfuniko ukafungwa, tukangoja tukinywa kahawa. Mzee aliyekitunza chombo aliandika namba katika daftari lake, kisha akaligeuza ili tusome: 1,140.

Mwenyeji wangu hakulaumu. Alitoa karatasi ya kuombea fidia, kwa kuwa sheria ya nishati ya atomiki inamruhusu kudai malipo kutoka serikali ya shirikisho. Kwa miaka mingi kiwango chake kilikuwa kama yuro 200 kwa nguruwe mkubwa na 100 kwa mdogo. Alijaza namba, tarehe na sahihi. Mzoga uliingizwa katika pipa maalumu linalofuatwa na gari la kuteketezea mizoga, nasi tukarudi nyumbani, ambako mkewe alikuwa amekwisha kumenya viazi bila kuuliza matokeo.