Marinda ya biharusi wetu

Wengi mmetuuliza nguo aliyovaa mdogo wetu usiku wa kupambwa kashona fundi gani. Fundi ni sisi, na cherehani ya mkono ya Mama.

Ni vazi la kizamani: kanzu ya kike inayopita magoti kidogo, na chini yake suruali yenye marinda vifundoni. Wanawake wa Unguja walivaa hivyo mpaka karne iliyopita ikianza. Ukitazama picha ya Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, utaiona suruali inachungulia chini ya kanzu.

Baba alifariki mwanzoni mwa Rajab. Harusi ilishapangwa mwisho wa Shaaban, na mwenyewe aliusia isiahirishwe. Mama basi yuko eda, miezi minne na siku kumi, na kupambwa kukawekwa kwa shangazi. Mdogo wetu akasema gauni la kukodi halitaki. Kama Mama hatakuwepo, basi avae kitu kilichopita mikononi mwake. Tulimuuliza ustadhi, akasema hamna neno, anachokatazwa ni yeye kujipamba, si kumshonea mwanawe.

Kanzu ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Mita mbili na nusu za pamba, kunja kitambaa, kata kiwiliwili mstari ulionyooka, mikono nayo imenyooka. Siri iko kwenye kikwapa: kipande cha mraba, inchi 4 kwa 4, kinachoshonwa chini ya mkono. Bila hicho nguo itachanika siku ya kwanza biharusi akinyanyua mikono. Haina zipu, haibani kiuno, na stara imo humo humo.

Marinda ndiyo yaliyotutoa jasho. Kila rinda ni ukanda wa inchi 3, urefu wake mara mbili na nusu ya mzunguko wa mguu wa suruali. Unapiga bandi mistari miwili, unavuta nyuzi taratibu mpaka kitambaa kijikunje, kisha unashona. Tulipanga matatu kila mguu, usiku kucha, tukajiona mafundi. Asubuhi mdogo wetu kuvaa, mguu umekwama! Tulipima kifundo, kisigino tukakisahau.

Mama alicheka. Tangu mazishi hatujamsikia akicheka, na sisi tukacheka mpaka tukalia, wallahi hatujui kilianza kipi.

“Pimeni kisigino kwanza, wanangu,” akasema, akachukua suruali. Alifumua mshono wa upande wa ndani inchi 4, akapinda kingo, akatia vishikizo viwili. Marinda yakafunika yote, usingejua.

Siku yenyewe udi tuliufukiza sisi chumba cha pili, maana Mama manukato hayagusi. Alikaa na nguo mapajani, anatafuta nyuzi zilizobaki, anazikata kwa meno. Halafu akamvisha kanzu mwenyewe, akamsomea dua, akarudi kukaa. Gari ikaondoka. Hakutoka mlangoni.

Kwa shangazi watu walimtazama sana, na bibi mmoja mtu mzima akainama kuyashika yale marinda, hakusema kitu.

Asubuhi yake biharusi alirudi nayo amevaa ili Mama amuone vizuri. Rinda la chini, mguu wa kushoto, lilikuwa limefumuka. Kalikanyaga mwenyewe akishuka ngazi. Mama akaomba sindano.